Tangu Nilipoanza Kufuga Fukusi

Nimelelewa na wakulima, na kwetu mdudu anayetafuna jani alikuwa adui tu. Ukiona viwavi kwenye sukumawiki au vipekecha kwenye mabua ya mahindi, unashika bomba la dawa. Mmea kuwa mwingi au haba, nilijua ni kazi ya mvua na rutuba. Leo sifikiri hivyo, na walionigeuza ni fukusi wa urefu wa milimita tano hivi, walaji wa magugumaji katika Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria.

Watu wa kando ya ziwa wanaikumbuka hali ya 1998. Gugumaji, mmea wa Amerika Kusini usiokuwa na mlaji wake huku kwetu, lilikuwa limefunika hekta zipatazo 17,000 ghubani. Mitumbwi ilinaswa umbali wa kuitana, na akina mama wauza samaki wakashinda ufuoni wakingoja ngege na mbuta wasiofika. Tulikata kwa mapanga. Ukimaliza huku, kule kumeshaota, maana likipata chakula cha kutosha gugu hili huongezeka maradufu ndani ya wiki mbili hivi.

Mwaka 1997 watafiti wa kilimo walianza kuachilia ziwani fukusi wa aina mbili, jamii ya Neochetina, wenye asili ya huko huko lilikotoka gugu. Kikundi chetu kikapewa kazi ya kuwazalisha kwenye mabeseni. Mzee mmoja mvuvi akaniuliza, "Mwanangu, wakilimaliza gugu si watageukia mahindi yetu?" Nikamweleza kwamba walijaribiwa kwanza kwa mimea mingine mingi, na kwamba bila gugumaji hawastawi. Akatikisa kichwa, lakini beseni alinisaidia kulibeba.

Kilichonigeuza hasa ni kikonyo cha jani nilichokipasua kwa wembe. Juu ya jani palikuwa na makovu madogo, karibu ya mstatili, yaliyopauka. Hayo ni ya fukusi mzima, ambaye hula usiku na mchana hujificha kwenye majani machanga yaliyojikunja. Ndani ya kikonyo, ambacho kikiwa kizima hujaa hewa kama sifongo, kulipita kijia cheusi kilichooza, na mwisho wa kijia alikuwepo funza mweupe asiye na miguu, kichwa chake cha manjano. Njia ile ile aliyoitoboa ndiyo iliyopitisha maji, kuvu na bakteria. Mmea uliopoteza hewa huanza kuzama, maua yake hupungua, na vichipukizi pia. Hakuna fukusi aliyeua gugu kwa mlo mmoja. Walilipunguzia uzazi, kizazi baada ya kizazi, mpaka idadi ikashuka.

Kufikia mwaka 2000 sehemu kubwa ya gugu la Winam ilikuwa imetoweka, na ubishi ukazuka: ni fukusi, au ni mvua na mawimbi ya El Niño ya 1997 na 1998? Wanasayansi wameandika pande zote mbili. Njia ya kupima ipo: mimea iliyo sawa igawanywe, mingine ikingwe kwa dawa ya wadudu, mingine iachwe iliwe, kisha yote ihesabiwe. Mimi niliyeishika mimea ile naamini mawimbi yalivunja kitu kilichokwisha kudhoofika.

Gugu lilirudi, tena kwa nguvu. Lilipozama, fukusi wengi walizama nalo, lakini mbegu zilibaki kwenye tope, ambamo hukaa hai miaka mingi. Mvua kubwa za mwisho wa 2006 zikateremsha udongo na mbolea ya mashambani, ghuba ikafunikwa tena. Tangu hapo nalisema katika kila mkutano wa ufuoni: fukusi na gugu wanakimbizana, na maji taka tunayoyamwaga ziwani yanalipa gugu mbio.

Shambani kwangu sasa sipulizi dawa kabla ya kufunua majani nione nani anakula nini, magugu yakiwemo. Na mashine za kuvuna gugumaji zikija, nawaomba waendeshaji waache vipande vyenye makovu. Fukusi wakitupwa nchi kavu pamoja na majani, gugu changa litakaloota halitakuwa na wa kulila.