Manjano ya Jikoni na Manjano ya Kidonge

Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea tunaomba nafasi kidogo tuongee juu ya kitu cha jikoni: manjano. Wengine wanaita binzari ya manjano, na sisi tuliotoka Kongo tumezoea kusema kurkuma. Msichanganye na binzari nyembamba, ile ya mbegu ndogo za pilau. Hiyo ni kitu kingine kabisa.

Kwa nini manjano? Kwa sababu siku hizi yanatufikia kwa sura mbili. Kuna mzizi na unga wake, ambao mama anatia kwenye maharage. Halafu kuna kidonge ndani ya kopo zuri, kimeandikwa kurkumini, na anayekiuza anasema eti kinatibu sukari, presha, magoti na hata saratani. Mzizi unanunuliwa kwa shilingi chache. Kopo linaweza kumaliza posho ya mwalimu wa kujitolea ya wiki nzima. Ndiyo maana tumeona tulizungumze.

Tuanze na mzizi wenyewe. Manjano ni ndugu wa tangawizi na iliki, ukoo mmoja wa mimea. Yanalimwa zaidi India, na hapa Tanzania yanalimwa Zanzibar, Muheza na Morogoro. Rangi yake inatokana na kitu kiitwacho kurkumini, ambacho wataalamu wawili, Vogel na Pelletier, walikitenga kwa mara ya kwanza mwaka 1815. Lakini kurkumini si mzizi wote. Katika gramu 100 za unga wa manjano, kurkumini ni kama gramu 3 hivi. Zinazobaki ni wanga, nyuzinyuzi, protini kidogo, madini, na mafuta yenye harufu, yale yanayofanya mchuzi unukie mpaka kwa jirani.

Darasani tulifanya jaribio ambalo kila familia inaweza kulifanya. Tulichukua glasi mbili, moja ya maji na moja ya mafuta ya kula, tukatia unga wa manjano kidogo katika kila moja na kukoroga. Kwenye maji unga ulishuka chini, maji yakabaki machafu machafu. Kwenye mafuta rangi iliingia, mafuta yenyewe yakawa ya njano. Watoto walielewa mara moja: kurkumini haipendi maji, inapenda mafuta. Kwa hiyo mama anayekaanga vitunguu na manjano kwenye mafuta, au mawese kama tulivyozoea kwetu, anafanya kitu cha akili kuliko yule anayekoroga unga kwenye maji baridi na kunywa huku amefumba macho.

Hata hivyo mwili wetu haupokei kurkumini kirahisi. Ukiimeza, nyingi inapita tumboni na kutoka, na ile kidogo inayoingia, ini linaiondoa haraka. Mwaka 1998 watafiti wa India waliwapa watu gramu 2 za kurkumini peke yake, na kwenye damu haikuonekana, au ilionekana kidogo sana. Walipoongeza miligramu 20 za piperini, kile kitu kikali cha pilipili manga, iliyoingia mwilini iliongezeka karibu mara 20. Ndiyo maana vidonge vingi vya siku hizi vimechanganywa na pilipili manga.

Sasa hapo ndipo hesabu inakuja. Kijiko kidogo cha chai cha unga wa manjano ni kama gramu 3, na ndani yake kurkumini haifiki miligramu 100. Kidonge kimoja mara nyingi kina miligramu 500. Maana yake kidonge kimoja ni sawa na vijiko vitano au zaidi kwa mara moja, bila wanga, bila nyuzinyuzi, bila chakula, na pilipili inakisukuma ndani ya damu. Kamati ya wataalamu wa WHO na FAO ilipanga kwamba kurkumini inayotiwa kwenye vyakula isizidi miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku. Mtu wa kilo 60 anafika miligramu 180. Pigeni hesabu wenyewe.

Je, kidonge hakina faida yoyote? Tuseme ukweli, ipo kidogo. Mwaka 2014 watafiti wa Thailand walichapisha kazi yao juu ya wagonjwa 367 wenye maumivu ya magoti. Waliopewa dawa iliyokamuliwa kutoka manjano walipata nafuu karibu sawa na waliopewa ibuprofeni, kwa muda wa wiki nne. Hilo ni jambo zuri. Lakini wiki nne za magoti si sawa na kutibu sukari au saratani. Mwaka 2017 wataalamu wa kemia ya dawa walipitia tafiti nyingi za kurkumini, zaidi ya 120 zilizofanywa kwa watu, na wakaandika kwamba hawakuona hata moja iliyopangwa kwa ukali unaotakiwa ikathibitisha kwamba inaponya ugonjwa fulani. Kinachoua seli kwenye chupa ya maabara si lazima kiponye mtu.

Na hasara je? Mwaka 2019 nchini Italia watu zaidi ya 20 waliugua ini baada ya kutumia vidonge vya manjano. Mwaka 2022 madaktari wa Marekani walieleza wagonjwa kumi wa namna hiyo, na mmoja wao alifariki. Mwaka 2023 Australia nayo ilitoa onyo. Wanaopatwa ni wachache, lakini dalili zake tuzijue: uchovu mkubwa, mkojo mweusi, kuwashwa mwili, macho kuwa ya njano. Kuna wazazi wetu wanaoamini kwamba ugonjwa wa macho ya njano unatibiwa na manjano kwa sababu rangi zinafanana. Jamani, hapana. Macho yakiwa ya njano, nenda zahanati siku hiyo hiyo.

Haya hatuyasemi kwa kusoma tu. Katika kijiji chetu hapa kambini kuna bibi mmoja mwenye ugonjwa wa sukari. Mjukuu wake ni mwanafunzi wetu. Mtu mmoja alipita na makopo, na bibi akauza mafuta ya mgao ili anunue. Akaweka pembeni vidonge vya zahanati, maana aliambiwa haviendi pamoja. Wiki ya tatu yule mtoto alituuliza, "Mwalimu, kama ile ni dawa, mbona bibi anakunywa maji usiku kucha?" Tulikwenda kumsalimia. Tukamwambia, "Shikamoo bibi, tunaomba twende wote kwa muuguzi." Akatujibu, "Marahaba wajukuu zangu, lakini mimi nimechoka na vidonge vya kila siku. Hiki walisema kinamaliza." Hatukubishana naye. Tulimsindikiza, akapimwa, na sukari ilikuwa imepanda sana. Alirudishiwa dawa zake, akakaa siku mbili kwenye uangalizi.

Neno lake hilo, "kinamaliza," ndilo linalouza makopo. Sisi watu tulioishi miaka mingi tukisubiri mambo yaishe, mtu akituambia kuna kitu kinamaliza, tunamsikiliza. Hatumlaumu bibi. Lakini chakula cha mgao ni cha nyumba nzima. Mafuta yakiuzwa, mtoto anakula bugali na maharage makavu mwezi mzima, na yale maharage yangepata ladha na nguvu kutokana na mafuta yale yale.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu. Manjano mzima ni chakula. Yanapendeza mboga na kutusaidia kula vizuri hata mgao ukiwa wa aina moja. Hayatibu sukari, hayatibu presha, na hayana haja ya kutibu ili yawe mazuri. Kidonge nacho, kikiwa na nguvu ya kufanya kazi kama dawa, basi kitendewe kama dawa: kisitumiwe bila kumuuliza mganga. Mama mjamzito, mwenye mawe kwenye nyongo, na anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda wasikiguse kabisa bila ushauri. Na mwenye upungufu wa damu ajue kwamba kurkumini nyingi inaweza kushika madini ya chuma tumboni. Kidogo cha kwenye mboga hakina shida.

Neno la mwisho kwa wanaonunua: mkiweza, nunueni mzizi badala ya unga. Kule Bangladesh, mwaka 2019 watafiti walionyesha kwamba baadhi ya wafanyabiashara walipaka mizizi rangi yenye madini ya risasi ili ing'ae. Risasi inaharibu ubongo wa mtoto. Serikali ilipokamata na kutoza faini, sampuli za sokoni zenye risasi zilishuka kutoka 47 kwa kila 100 hadi sifuri mwaka 2021. Unga unaong'aa kupita kiasi uwatie wasiwasi. Mzizi mnauosha, mnaukata vipande vyembamba, mnauanika na kuutwanga wenyewe.

Na ukibaki kipande chenye jicho, kipandeni. Manjano yanapenda kivuli kidogo na unyevu, hata kwenye gunia la udongo karibu na mahali pa kuogea yanaota. Baada ya miezi kama minane hadi kumi majani yananyauka, na hapo mnachimba. Sisi tumepanda magunia manne nyuma ya darasa. Mzazi anayetaka mbegu aje siku yoyote baada ya kipindi cha mchana, tutampa bure. Kwa yule bibi tumeshapeleka gunia moja, na mjukuu wake ndiye anayelimwagilia.