Siku tisa Tanga na sufuria za watu

Najua umezoea ukifungua ukurasa huu nikupeleke kula raha, leo ufukweni, kesho mlimani. Wiki hii tunakwenda Tanga, lakini mkononi tumeshika funguo za nyumba ya marehemu. Tafadhali usigeuze ukurasa! Kama una mzazi mahali, iwe Tukuyu, Tarime au Tandahimba, ipo siku na wewe utakabidhiwa funguo kama hizi, na kazi hiyo haifundishwi shule yoyote.

Mama yangu alifariki mwaka 2023. Matanga yakaanuliwa, watu wakatawanyika, hitma ya arobaini ikasomwa. Ndipo likaja swali: nani atakwenda kuitoa vitu nyumba? Tumezaliwa wanne. Kaka mkubwa yuko Dodoma, mtu wa ofisi, ruhusa zake za kuhesabu. Dada yuko Mwanza na mtoto mchanga. Kaka wa pili yuko Muscat. Mimi kitinda mimba ndo niko Dar, sina bosi wa kuniuliza.

"Wewe si unaandika tu?" Kaka mkubwa akasema kwenye simu. "Basi kaandikie huko."

Ikawa hivyo.

NJIANI

Kama hujawahi kwenda Tanga kwa basi, unapandia stendi ya Magufuli pale Mbezi. Toka asubuhi na mapema, jua lisikukute foleni ya Kibaha. Unapita Chalinze, unavuka Mto Wami, unazipita Mkata na Kabuku, halafu unaingia Segera. Hapo ndipo njia inapogawanyika: wa Korogwe, Moshi na Arusha wanakwenda zao, wa Tanga tunakata kulia kuifuata bahari.

Kuanzia hapo hata ukiwa umesinzia utajua umefika mkoa gani. Mkonge! Mistari na mistari ya mkonge, utadhani mtu kaipanga kwa rula. Miche ya kwanza ya zao hili ililetwa na Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, mwaka 1893 kutoka Florida, Marekani. Mwaka huo huo Wajerumani wakaanza kujenga reli kutoka Tanga kuelekea bara. Ukifika Muheza, machungwa yanakufuata mpaka dirishani. Nilinunua mfuko mzima kwa mazoea, maana Mama alikuwa haniruhusu kuingia ndani bila machungwa ya Muheza. Nilipokwishalipa ndo nikakumbuka kwamba hakuna wa kunipokea.

Basi linashusha Kange. Kutoka pale ni bodaboda mpaka Ngamiani.

Ngamiani ndiyo Tanga yenyewe, wajameni. Kule Raskazone kuna upepo na majumba ya wakubwa, lakini watu wako Ngamiani. Mitaa yake imepewa namba badala ya majina: Barabara ya Kwanza, ya Pili, ya Tatu, hivyo hivyo mpaka ishirini na kitu. Mtu akikuuliza unakaa wapi unamjibu "ya Tisa", akakuelewa. Nyumba nyingi ni zile zetu za Kiswahili: baraza mbele, korido katikati, vyumba huku na huku, uani jiko na kisima au bomba. Na baiskeli kila mahali. Bongo tumehamia kwenye bodaboda, lakini Tanga mzee wa kanzu bado anapiga pedali taratibu kwenda msikitini, na kijana anamwamkia bila kusimama.

VITU VYA NANI?

Nyumba yetu ina vyumba sita. Viwili wamo wapangaji. Vinne vilikuwa vya Mama na vitu vyake. Mama alikuwa muuza vitumbua pale barazani kwa miaka mingi, na mtu wa shughuli za watu. Harusi, maulidi, msiba, yeye yupo. Kwa hiyo unaweza kukisia: sufuria kubwa za pilau, masinia, mikeka, majamvi, mabirika, chuma cha vitumbua, sanduku lililojaa kanga.

Siku ya kwanza nilihesabu. Sufuria peke yake 23! Nikapiga picha, nikatupia kwenye kikundi chetu cha WhatsApp. Majibu hayakuchelewa. Dada anataka mbili kubwa, atakuja kuzichukua Desemba. Kaka mkubwa akaandika kwamba vyote vipigwe bei, hela igawanywe, mambo yaishe. Wa Muscat, ambako saa zao ziko moja mbele ya zetu, akapiga simu usiku akauliza kuhusu baiskeli ya Phoenix ya marehemu Baba. Ndani ya nusu saa watu walishaanza kununiana. Ujumbe unasomwa, jibu hakuna.

Kesho yake akaja Mama Mdogo, yaani mdogo wake marehemu, kutoka Makorora. Nikamwamkia, akaitika, akavua viatu, akaketi chini uani katikati ya zile sufuria. Akaanza kuzigeuza moja moja, matako juu.

"Mwanangu, hujaangalia huku?"

Kumbe chini ya sufuria kuna alama! Nyingine herufi mbili za rangi ya kucha, nyingine msalaba wa rangi ya mafuta, nyingine tundu dogo la msumari kwenye ukingo. Kila mwanamke wa mtaa ana alama yake, ili shughuli ikiisha vyombo visipotee. Mama Mdogo anazijua zote kama mwalimu anavyojua miandiko ya wanafunzi. "Hii ya ya Saba. Hii ya yule wa ya Kumi na Mbili, mjukuu wake ndiye alioa. Hii ya Pongwe." Tulipomaliza, katika sufuria 23, za Mama zilikuwa tisa.

Basi bwana, tulikuwa tunanuniana kwa sababu ya sufuria za watu!

KOPO LA MCHEZO

La sufuria lilikuwa dogo. Siku ya tatu, nyuma ya kabati, nikakuta kopo la siagi na daftari limefungwa kwa mpira. Ndani ya kopo kulikuwa na shilingi 280,000, noti zimekunjwa vizuri. Nikapiga picha tena, nikatuma.

Kaka mkubwa akajibu papo hapo: hiyo ni mali ya marehemu, iingie kwenye hesabu ya mirathi.

Ila daftari lilisema jingine. Mama alikuwa kijumbe wa mchezo. Wanawake 16, yeye akiwemo, kila mmoja anatoa 20,000 kwa wiki, anayefikiwa na zamu anaondoka na 320,000. Mchezo ulikuwa umefika wiki ya 10. Kumi na wanne walishaleta, mmoja alikuwa bado, na Mama mwenyewe akaugua kabla hajatia ya kwake. Zaidi ya hapo, yeye alishapokea zamu yake wiki ya tatu. Maana yake ni kwamba alikuwa anadaiwa wiki saba, 140,000 taslimu.

Mama Mdogo hakupandisha sauti. Aliomba simu, akazungumza na Kaka: "Baba, hiyo ni amana. Mamaako alikuwa anaishika tu. Amana hairithiwi."

Na kwa sisi Waislamu utaratibu unajulikana. Kwanza gharama za mazishi, halafu madeni, halafu wasia kama upo, nao usizidi theluthi, ndipo warithi wagawane kilichobaki. Kwetu sisi, wanaume wawili na wanawake wawili, bila mzazi wala mume wa marehemu aliye hai, mafungu yanakuwa sita: kila mwanamume mawili, kila mwanamke moja. Lakini huwezi kukata fungu kwenye hela ya jirani.

Kaka akanyamaza kidogo. Mimi nilikuwa nimeshika simu, nasikia pumzi yake tu. Halafu akasema, "Sawa, Mama Mdogo. Hiyo 140,000 naituma mimi." Wa Muscat akaingilia: wagawane wote wanne. Dada akasema yeye ataleta 35,000 yake mwisho wa mwezi. Hapo ndo nilisikia kwa mara ya kwanza tangu msiba sauti zetu zote nne kwenye simu moja.

ZUNGUKA YA NGAMIANI

Siku zilizofuata nilitia upepo ile Phoenix, nikafunga sufuria kwenye kerea kwa mpira wa baiskeli, nikaanza kuzunguka. Kama unataka kuujua mji, mpenzi msomaji, usipande teksi. Beba chombo cha mtu, ukakirudishe.

Barabara ya Saba nilipigwa hodi mimi kabla sijabisha: "Hee, mtoto wa muuza vitumbua!" Nikawekwa kitako, nikaletewa muhogo wa nazi. Ya Kumi na Mbili bibi mwenye sufuria haoni vizuri, akaipapasa ukingoni mpaka akalipata lile tundu la msumari, akacheka. Akanieleza jinsi Mama alivyokaa naye siku saba alipofiwa na mwanawe. Mimi hilo sikuwahi kulisikia. Chumbageni, karibu na stesheni ya reli, kulikuwa na mkeka. Mwenyewe alishahama, mwanawe akaupokea, akaandika namba yangu. Pongwe nilikwenda kwa daladala na sinia kubwa mapajani, kondakta akanitoza na sinia nauli yake.

Ile 280,000 tuliikabidhi barazani, siku ya Jumamosi jioni, wanawake wote wapo. Wakahesabu, wakamchagua kijumbe mpya, mwanamama wa nyumba ya pili, na yule aliyekuwa zamu wiki ya 10 akapewa chake baada ya kusubiri zaidi ya mwezi. Kumbe alikuwa hajadai kwa sababu ya haya. Mtoto wake alikuwa anangojea ada.

Vilivyobaki vilikwenda haraka. Kanga zilikuwa doti 31 zenye harufu ya udi. Mama Mdogo akaziita ndugu wa kike, kila mmoja akachagua kwa zamu kuanzia mkubwa. Mimi nilipata iliyoandikwa "Wema hauozi". Nguo nyingine zikatolewa sadaka. Chuma cha vitumbua akapewa mpangaji wetu wa chumba cha mbele, naye asubuhi ya siku ya saba akawasha moto pale pale barazani. Mabati ya kutu na vitanda vilivyovunjika vikachukuliwa na wanunuzi wa vyuma chakavu, wakapima kwa mzani.

Ikabaki nyumba yenyewe. Madalali walishaanza kupita. Tangu bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, la kilometa 1,443, lipangiwe kuishia Chongoleani hapa Tanga, kila mwenye simu na kofia amekuwa dalali. Mmoja alikuja na pole mkono mmoja, na bei mkono wa pili. Tulimjibu kwa adabu kwamba kikao cha familia kimeshampendekeza Kaka mkubwa kuwa msimamizi wa mirathi, kwamba cheti cha kifo na muhtasari wa kikao vinapelekwa Mahakama ya Mwanzo, na kabla ya hapo hakuna mwenye haki ya kuuza hata tofali. Akaondoka. Kama mtauza au hamtauza, msomaji, ni juu yenu, lakini msiuze kwa kukimbizwa.

NAMBA 43

Nyuma ya lile daftari la mchezo kulikuwa na kurasa nyingine. Majina na namba za simu, jumla 43. Binamu wa Pangani, mwalimu wake wa madrasa, mke wa rafiki wa Baba aliyeko Mombasa. Pembeni ya kila jina vijistari vya kalamu, kimoja kwa kila Ijumaa aliyompigia. Tulikuwa tunajua Mama anapenda simu, tunamtania. Kumbe ukoo mzima ulikuwa unajuana habari kupitia kwake. Nani kaugua, nani kajifungua, nani ana shida haisemi. Yeye alipoondoka, simu zikakatika.

Hicho ndicho hatukukipigia kelele kwenye kikundi. Hakuna aliyeandika "mimi nataka namba". Tulizigawa usiku wa siku ya nane, kila mtu yuko kwenye simu: Kaka mkubwa 11, Dada 11, wa Muscat 10, mimi 11. Mafungu ya mirathi yana sheria yake, lakini haya tulipanga wenyewe. Mpaka naandika hapa kuna Ijumaa nyingine mtu anasahau, anakumbushwa. Mwezi uliopita binamu wa Pangani alishangaa kupigiwa na Muscat akadhani kuna msiba mwingine!

Kwa hiyo kijana mwenzangu uliyeko Sinza, Mbagala au Temeke, ukiitwa kwenda kutoa vitu nyumba ya mzazi, mambo machache. Nenda na mtu mzima anayejua chombo kipi ni cha nani. Tafuta madeni na amana kabla hujatafuta mali. Usipige bei kitu chochote wiki ya kwanza. Na kama mzazi wako bado yupo hai, wiki hii mpigie umuulize anampigia nani Ijumaa. Yaandike majina. Halafu panda basi ukamsalimie, machungwa ya Muheza au ya popote pale utayapata njiani.