Nilimfukuza Shemeji kwa Kusema Kweli

Naungama. Novemba ya mwaka 2015, hapa Aurora, Colorado, nilimfukuza shemeji yangu nyumbani kwangu kwa sababu alisema kweli kuhusu mchezaji wa mpira ambaye hata hajui kama nipo duniani. Baya zaidi, wakati namwonyesha mlango nilishajua kuwa anasema kweli.

Mchezaji mwenyewe ni Peyton Manning, kwotabeki wa Denver Broncos. Kwa msomaji asiyefuatilia mpira wa Kimarekani: kwotabeki ndiye anayekabidhiwa mpira kila shambulizi linapoanza, akasoma wapinzani wamejipangaje, kisha akaamua aurushe kwa nani au ampe mwenzake akimbie nao. Manning alikuja Denver mwaka 2012 baada ya kuachwa na Indianapolis Colts. Msimu uliotangulia hakucheza hata mchezo mmoja kwa sababu ya operesheni za shingo, na wengi walishamwona amekwisha. Mwaka 2013 akarusha pasi 55 za tachidauni, yaani pasi zilizozaa bao, na kupata yadi 5,477, rekodi mbili za msimu mmoja ambazo hakuna aliyewahi kuzifikia kabla yake katika ligi ya NFL.

Ndipo nilipompenda. Nilikuwa bado mgeni Colorado, na kule ghalani nilikofanya kazi, mtu akija Jumatatu na jezi ya rangi ya chungwa, namba 18, mlikuwa ndugu hata kama hamjuani majina. Ushabiki wenyewe sikuhitaji kufundishwa. Nimekulia Dar es Salaam, katikati ya Simba na Yanga, ambako anayeikosoa timu yake hadharani huitwa msaliti au huambiwa katumwa na watani. Ugonjwa huo nilikuja nao kwenye begi.

Dalili zilianza mwishoni mwa 2014. Desemba 7, dhidi ya Buffalo, Manning alimaliza mchezo bila pasi hata moja ya tachidauni. Kabla ya hapo alikuwa amecheza michezo 51 mfululizo akizipata. Januari 2015 Colts, timu yake ya zamani, wakawatoa Broncos kwa 24–13 palepale Denver. Nikasema ni paja, maana kweli aliumia paja. Machi, klabu ikamkata mshahara kutoka dola milioni 19 hadi 15. Uongozi ulikuwa umeshasema kwa lugha ya pesa kile ambacho sisi mashabiki tuliita uchawi wa waandishi. Agosti, Manning mwenyewe akasema hana hisia kwenye ncha za vidole vyake. Kwotabeki anasema hausikii mpira vidoleni, nami bado najibishana na watu kuwa yuko salama!

Shemeji, kaka mkubwa wa mke wangu, alikuwa akija kwetu kila Jumapili. Zamani aliwahi kufundisha vijana soka Morogoro, na macho yake hayakimbilii ubao wa matokeo. Septemba ile aliniambia kwa upole, "Shemeji, tazama hizi pasi za pembeni. Mpira unapaa, hausafiri. Beki anapata muda wa kugeuka, kuuona na kuufuata." Nikatazama. Ilikuwa hivyo hivyo. Mpira uliokuwa ukitoka mkononi mwa Manning na kumfikia mpokeaji kabla beki hajageuza kichwa, sasa ulikuwa ukiyumba hewani, pua yake ikichezacheza, na mpokeaji wake Demaryius Thomas akilazimika kusimama na kuusubiri. Niliona yote hayo. Nikamjibu, "Ukuta wa mbele haumlindi." Wiki iliyofuata nikasema ni mfumo wa kocha mpya, Gary Kubiak. Iliyofuata nikasema wapokeaji wanaangusha mipira. Kila kosa nililitafutia mwenyewe mwingine.

Kilichonipa kiburi ni matokeo. Broncos walishinda michezo yao 7 ya kwanza. Shemeji akaniambia tuhesabu: katika michezo hiyo, Manning alikuwa na pasi 7 za tachidauni, na pasi 11 zilizonyakuliwa na wapinzani. Waliokuwa wakishinda ni walinzi. Dhidi ya Baltimore, tachidauni pekee ya Denver aliifunga Aqib Talib, mlinzi aliyenyakua pasi na kukimbia nayo. Kule Kansas City, Bradley Roby, mlinzi mwingine, aliokota mpira ulioponyoka na kufunga zikiwa zimebaki sekunde 27. Ukweli ulikuwa mbele yangu kwa tarakimu. Nikamwuliza, "Sisi tumepoteza mchezo gani?" Nikaona nimemfunga mdomo.

Kisha ikaja Novemba 15, wageni wakiwa Kansas City Chiefs. Katika robo ya kwanza Manning alimpa mkimbiaji Ronnie Hillman pasi fupi ya yadi 4, na kwa pasi hiyo akaipita rekodi ya Brett Favre ya yadi nyingi zaidi katika historia ya ligi. Mchezo ukasimamishwa kidogo, uwanja ukalipuka, mimi nikasimama sebuleni nikipiga makofi, machozi yananilenga. Baada ya hapo sikuona tena cha kushangilia. Alikamilisha pasi 5 kati ya 20, akapata yadi 35, nyingine 4 zikanyakuliwa. Alama yake ya ufanisi wa pasi ilikuwa 0.0. Katika robo ya tatu Kubiak akamtoa, akamwingiza kijana Brock Osweiler. Chiefs wakashinda 29–13.

Shemeji hakucheka wala hakusema "nilikwambia." Alisema tu, "Afadhali. Walipaswa kumpumzisha mapema. Mguu unamuuma na mkono umechoka, wanamwaibisha mzee wa watu." Maneno yale yalikuwa na huruma kuliko yote niliyowahi kuyasema mimi juu ya Manning. Nikamjibu kwa sauti ambayo watoto waliisikia kutoka chumbani: kama humpendi, usije tena kutazama mpira kwenye nyumba yangu. Sahani yake ya pilau ilikuwa nusu. Akainuka, akaosha mikono, akamuaga dada yake, akaondoka. Mke wangu hakusema nami hadi kesho yake jioni.

Kama mambo yangeishia hapo, ningesema nilipandwa na hasira. Lakini niliongeza dhambi. Denver walifika fainali, na Februari 7, 2016 wakaichapa Carolina Panthers 24–10 katika Super Bowl 50. Manning, akiwa na miaka 39, akabeba kombe. Usiku uleule nikamtumia shemeji ujumbe wa sauti: "Nani alisema mzee kaisha?" Akajibu kwa maandishi, "Hongera, shemeji." Basi.

Nilichokuwa nakificha kwa kelele ni hiki. Katika fainali ile Manning alipata yadi 141, hakurusha pasi hata moja ya tachidauni, na moja ikanyakuliwa. Mchezaji bora alichaguliwa Von Miller, mlinzi aliyemkaba Cam Newton, kwotabeki wa Carolina, mpaka mpira ukamponyoka mara mbili, na mara zote mbili ukazaa tachidauni. Kombe halikumpinga shemeji hata kidogo. Lilimuunga mkono.

Na kuna jambo lililonichukua muda mrefu kuliona. Mtu wa kwanza kukubali ukosoaji ule alikuwa Manning mwenyewe. Msimu wa kawaida aliumaliza na pasi 17 zilizonyakuliwa. Januari 3 alikaa benchi kama mchezaji wa akiba, akaingia robo ya tatu dhidi ya San Diego, na timu ikashinda 27–20. Katika michezo mitatu ya mtoano iliyofuata, pasi iliyonyakuliwa ilikuwa moja tu. Aliacha kulazimisha pasi ambazo mkono wake haukuweza tena. Alikabidhi mpira kwa wakimbiaji, akawaachia walinzi kazi, akatumia kichwa. Machi 7 akastaafu. Yeye alijipanga upya kulingana na ukweli. Sisi tuliomvalia jezi ndio tuliobaki tunapigania mtu wa mwaka 2013.

Wahenga walisema mpenda chongo huona kengeza. Mimi nilikuwa na hali mbaya zaidi: chongo nililiona, nikamfukuza aliyelitaja. Nilidhani namlinda Manning, kumbe najilinda mwenyewe. Nilijenga urafiki na watu kazini kwa jina lake, nikaogopa kwamba akishuka yeye, nami nitarudi kuwa mgeni.

Nilikwenda kumwomba radhi shemeji wakati wa Idi, mbele ya mke wangu, maana mbele yake ndipo nilipomkosea. Aliniambia, "Shemeji, mimi nilimpenda yule mzee kuliko wewe. Wewe ulipenda kushinda." Sikuwa na jibu, na sasa pia sina.

Sisemi kila anayemponda mchezaji anasema kweli. Wapo wanaotukana tu, na hao wanajulikana: wanataja umri, uso, mshahara, mke, lakini hawataji pasi hata moja. Mkosoaji wa kweli anakwambia umtazame nani, dakika ipi, mpira ulikwendaje. Ukimsikia mtu wa namna hiyo akimsema unayempenda, awe kwotabeki wa Denver au mshambuliaji wa timu yako ya mtaani, usimwulize yuko upande gani. Tazama alichokuonyesha. Kama kipo, kubali kipo, kisha endelea kushangilia; hakuna anayekukataza. Na kama ulishamfukuza mtu kwa sababu ya mchezaji, mfuate leo. Mchezaji atastaafu. Shemeji yako atabaki kuwa mjomba wa watoto wako.