Taa nyekundu Mombo, Lushoto bado iko juu

Ukitoka Dar kwenda Moshi au Arusha, Mombo ni mahali pa kunyoosha miguu. Basi linasimama, abiria wanagombea chipsi na mishikaki, mwenye haja anakimbilia msalani, honi inapigwa, safari inaendelea. Wengi wanapita bila kujua kwamba hapo hapo, mkono wa kulia, kuna barabara ya lami inayokwenda kwenye dunia nyingine kabisa. Mombo kuna joto la mkonge na vumbi. Panda kilomita thelathini na ushee, unajikuta Lushoto, mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, unatafuta sweta. Si ajabu Wajerumani walipapenda, wakapaita Wilhelmstal kwa heshima ya mfalme wao.

Lakini mpenzi msomaji, barabara ile haina mzaha. Upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili korongo, na kona zinafuatana kama shanga. Ukipanda, injini ndiyo inayofanya kazi. Ukishuka, maisha yako yote yamo kwenye breki.

Sasa basi, Ijumaa moja tulikuwa tunakwenda harusini Lushoto kwa ndugu zake shemeji. Gari la familia, lile la juujuu lisiloogopa rafu rodi. Shemeji kwenye usukani, mimi pembeni yake, dada nyuma na watoto watatu. Tulipofika matuta ya Korogwe, kila shemeji akikanyaga breki, taa nyekundu inawaka kwenye dashibodi: duara lenye alama ya mshangao katikati. Akiachia, inazima. Kufika Mombo ikawaka moja kwa moja, ikagoma kuzimika.

“Hiyo ni taa tu,” shemeji akasema. “Breki zinashika. Twende, giza lisitukute njiani.”

Dada akafungua mlango, akawashusha watoto. “Baba nanii, wewe tangulia. Mimi na wanangu tutapanda basi.”

Hapo ubishi ukaisha. Tukauliza fundi.

Fundi mwenyewe alikuwa mzee wa makamo, ovaroli imechakaa, sauti ya chini. Kwanza hakushika spana. Alivuta hendibreki, akaishusha mpaka mwisho, akatazama taa. Bado inawaka. “Wengi wanakuja hapa hendibreki imebaki juu kidogo tu,” akasema. “Hao nawarudisha barabarani bila kuwadai.”

Akafungua boneti, akamulika kikopo cha mafuta ya breki. Yalikuwa yamegusa mstari wa chini. Nikaelewa ile ya Korogwe: mafuta yakiwa machache, gari likifunga breki yanakimbilia mbele, kile kiboya cha ndani kinazama, taa inawaka. Likitulia yanarudi.

Shemeji akachangamka. “Kumbe mafuta tu! Ongeza twende. Hata kule gereji ya Dar waliongeza kidogo, ikazima.”

Mzee akamtazama. “Lini?”

“Kama miezi miwili.”

“Mafuta ya breki hayanywewi kama petroli, kijana wangu. Yakipungua, yamekwenda mahali. Hao hawakuuliza yamekwenda wapi?”

Shemeji kimya.

Mahali penyewe ni pawili, mzee akatufundisha. Ama yanavuja, ama pedi zimekwisha. Akaingia chini ya gari na tochi, akapapasa mipira ya breki, akachungulia upande wa ndani wa kila tairi. Pakavu. Akapiga jeki, akafungua tairi la mbele. Ebwana! Pedi ya ndani ilikuwa imebaki nyembamba kama kadi ya simu, chuma kinakaribia kula diski. Kadiri pedi inavyolika, pistoni inasogea mbele kuifuata, na mafuta yanashuka kujaza nafasi nyuma yake. Kwa hiyo taa ililalamikia mafuta, ila mgonjwa alikuwa pedi. Kule Dar walimnyamazisha mgonjwa.

Pedi mpya zikapatikana duka la spea la jirani. Kabla ya kusukuma pistoni zirudi, mzee alinyonya mafuta kidogo kwenye kikopo kwa bomba la sindano, maana yakipanda yatamwagika, na mafuta ya breki yanakula rangi ya gari. Alipomaliza pande zote mbili, akajaza kutoka chupa mpya aliyoifungua mbele yetu, ya aina ile ile iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo. Chupa iliyokaa wazi haitaki, kwa sababu mafuta hayo yanavuta unyevu wa hewani, na mlimani breki zikipata moto yale maji yanachemka, pedali inakuwa laini kama sponji.

Mwisho akamwambia shemeji akanyage pedali mara kadhaa gari likiwa limesimama mpaka iwe ngumu. “Ukisahau hili, breki ya kwanza utakanyaga hewa.” Akawasha gari. Taa ikawaka sekunde chache, ikazima. Tukajaribu kwenye tambarare, dada anatazama kwa mbali. Aliporidhika, akapandisha watoto.

Tulipita Soni jioni, maporomoko ya maji yananguruma, akina mama wanafunga biashara ya matunda. Harusi ilinoga.

Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya kushuka. Shemeji aliweka gia nzito tangu juu, breki anaigusa kwa kituo kama alivyoelekezwa na mzee. Kwenye kona moja tulikuta lori limeegeshwa, mawe chini ya matairi, harufu ya breki zilizoungua imetanda, na utingo anapepea tairi kwa boksi. Hakuna aliyecheka. Dada alinyoosha shingo akatazama dashibodi.

Nyeusi tii. Hakuna taa.

Msomaji wangu, Lushoto nenda, kuna baridi na hewa safi. Ila taa hiyo ikiwaka, simamia chini. Na fundi akikuongezea mafuta bila kufungua tairi, muulize swali la yule mzee: yamekwenda wapi?