Uso Usinitie

Nilivuka kwenda Unguja kwa mara ya kwanza nikiwa na boksi la rangi za maji, karatasi nzito na rula. Mimi ni mhasibu Morogoro. Uchoraji niliuanza nikiwa nimeshapita miaka arobaini, na picha zangu zote zilitoka safi, zimenyooka, hazina pumzi. Kilichonipa ujasiri wa safari ni mchoraji Lubaina Himid, aliyezaliwa kisiwani humo mwaka 1954 na kukulia Uingereza. Mwaka 2017 alitwaa Tuzo ya Turner akiwa na miaka 63, mwaka uleule waandaaji walipoondoa sharti la msanii kuwa chini ya miaka 50. Nikasema moyoni, basi muda ninao.

Boti kutoka Dar es Salaam huchukua kama saa mbili. Nilipofika Mji Mkongwe nilianza na milango, ile ya kuchongwa yenye vichwa vya shaba. Rula haikunifaa. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zimevimba hapa, zimeinama pale. Vyumba ni vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko zinazobeba sakafu. Hata Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, lilibomoka sehemu mwaka 2020. Mji huu unaishi na kuchoka kwake hadharani, nami nilikuwa naunyoosha kwenye karatasi kana kwamba umejengwa jana.

Mtaa wa Hurumzi nilisimama kwenye duka la mchoraji wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza mtindo huo Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa vipande vya ubao na rangi za kung'aa za kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972, lakini chui na ndege wa mtindo wake wamejaa Mji Mkongwe hadi leo. Fundi alikuwa akitia madoa kwenye mgongo wa chui. Akanitazama nikichora.

"Dada, brashi umeishika kama karani."

"Ndiyo kazi yangu, fundi."

Akacheka mpaka akaweka rangi chini. Akanionyesha: shika mpini mwishoni kabisa, mkono utoke begani, usitoke kwenye kifundo. Kisha akanitolea brashi pana ya kupakia ukuta. Nikamuuliza kama chui wale humtoka moyoni. "Huyu ananilisha," akasema. "Wageni wanamtaka hivihivi. Ya moyoni nachora usiku." Alipoona nimenyamaza akaongeza: "Wewe hulishwi na picha, unaogopa nini? Nenda shamba. Sasa hivi maji ni bamvua."

Nikapanda daladala la Jambiani, tukapita msitu wa Jozani wanakoishi kima punju, hadi pwani ya mashariki. Maji yalikuwa yamekupwa mbali, na wanawake wameinama kwenye mashamba ya mwani. Kilimo hiki cha biashara kilianza pwani hii mwishoni mwa miaka ya 1980, na wakulima wengi ni wanawake. Mbegu hufungwa kwenye kamba, kamba huvutwa kati ya vijiti vilivyochomekwa mchangani, na mavuno hukaushwa na kuuzwa nje, yanakotumika kwenye vyakula, dawa ya meno na vipodozi. Kazi yote hufuata maji: yakirudi, mnatoka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Unachora nini?"

"Nawachora nyinyi, mkiniruhusu."

"Chora. Ila uso usinitie."

Hapo ndipo nilipokwama, na hapo ndipo nilipofunguka. Nyuso ndizo nilizozitegemea: tabasamu, chozi, mkunjo wa paji. Sasa yote hayo yalipaswa kubebwa na mgongo, magoti na kanga. Mgongo ule ulikuwa mzito, lakini sauti zilizotoka chini yake zilikuwa za utani na vicheko. Nilitaka vyote viwili, na maji yalikuwa yameanza kurudi. Nikauchora mgongo kwa mvuto mmoja wa ile brashi pana, mweusi, mnene, bila penseli. Kicheko nikakipa kanga: nyekundu, ikipita mpaka wa nguo na kumwagikia baharini. Maji ya chupa yalipoisha nilichovya brashi kwenye bahari yenyewe. Chumvi ikaacha chembechembe kwenye rangi, sikuzifuta.

Nilikuwa nikisikia wachoraji wakiambiwa walegee, waache hisia zitoke, kama vile hisia zimefungiwa ndani zikisubiri mlango. Jambiani nilijifunza vingine. Hisia zangu sikuzijua mpaka nilipolazimika kuchagua: nini kibaki, nini kiachwe, na kwa muda gani. Katazo la bibi na maji ya bamvua vilinifanyia kazi ambayo uhuru wa meza yangu Morogoro haukuwahi kuifanya.

Maji yalipotufika magotini, bibi alikuja kutazama, gunia la mwani kichwani.

"Mbona kanga nyekundu? Yangu buluu."

"Ulikuwa unacheka, bibi."

Akaitazama tena. "Basi ukija tena, niletee hiyo nyekundu."