Kutoka Nyeri Mpaka Nanyuki kwa Baiskeli: Mashauri kwa Mwenye Kuanza

Mji wa Nyeri umekaa baina ya milima mikubwa. Magharibi yake iko safu ya Nyandarua, na mashariki uko Mlima Kenya, ambao Wakikuyu huuita Kirinyaga, na kilele chake kirefu, Batian, kina mita 5,199. Asubuhi mapema, kabla mawingu hayajaufunika, mlima huonekana wazi kabisa, na mtu husimama kuutazama hata kama ameuona tangu utoto wake. Wageni huja Nyeri kulizuru kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, aliyefariki hapo tarehe 8 Januari 1941. Wenyeji huusifu zaidi kwa kahawa, chai na maziwa. Lakini kwa mwenye baiskeli, Nyeri ni njia panda: barabara moja yaenda kusini mpaka Karatina, na nyingine yaelekea kaskazini, ikipita Kiganjo na Naro Moru mpaka Nanyuki, mwendo wa kilomita 60 hivi.

Zamani baiskeli katika nchi hii haikuwa kitu cha matembezi. Mwalimu, katekista, karani na bwana shamba waliipanda kwa sababu ya kazi, na mkulima alifunga gunia la viazi nyuma yake. Ilikuwa baiskeli nzito ya chuma, nyeusi, mara nyingi Raleigh iliyotengenezwa Nottingham, Uingereza, na kiti chake kilikuwa cha ngozi ngumu juu ya springi. Siku hizi wako watu wa maofisini wanaopanda baiskeli siku ya Jumamosi kwa ajili ya afya na kujiburudisha tu. Jambo hilo ni jema. Ila wengi wao huanza kwa furaha na kuacha kwa maumivu, na maumivu hayo hayako miguuni wala kifuani, bali mahali ambapo mtu huona haya kupataja.

Msomaji na amfikirie karani mmoja wa mjini Nyeri, mfano wa wengi. Amepita miaka arobaini, kutwa yu kitini, na daktari amemwonya ya kwamba shinikizo la damu yake limeanza kupanda, na kwamba yampasa kuufanyisha mwili kazi. Akaweka akiba miezi sita, akanunua baiskeli nyepesi yenye gia nyingi. Jumamosi ya kwanza aliondoka alfajiri mpaka Naro Moru, akarudi siku ile ile. Jumatatu alionekana ofisini akiandika kwa kusimama, na wenzake walipomwuliza, alisema ni mgongo. Wiki ya pili alinunua mfuko mnene wa sponji akauvika kiti, akatoka tena, akarudi na machubuko mabaya kuliko ya kwanza. Mwezi haukwisha kabla baiskeli haijatundikwa ghalani, na maneno ya daktari yakabaki pale pale.

Karani huyu hakukosa ushujaa. Alikosa kujua mambo mawili. La kwanza ni kwamba kiti cha baiskeli si kiti cha kukalia kama cha ofisini. Mwili una mifupa miwili chini ya makalio, nayo ndiyo inayopasa kubeba uzito. Kiti kikiwa laini kupita kiasi, mifupa hiyo huzama, na sponji huinuka katikati ikabana nyama laini zenye mishipa ya damu na ya fahamu. Ndipo ganzi huingia. Wapanda baiskeli wa Tour de France huko Ufaransa hupita kilomita zaidi ya 3,000 katika siku 21 za mashindano, nao hukalia viti vyembamba na vigumu. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, alishinda mashindano hayo mara 4. Kama ulaini wa kiti ungekuwa ndiyo dawa, watu hao wangalikuwa wa kwanza kuutumia.

La pili ni kwamba machubuko huletwa na vitu vitatu vikikutana: uzito unaokandamiza mahali pamoja, msuguano wa nguo na ngozi, na unyevu wa jasho au mvua. Kikiondolewa kimoja, maumivu hupungua. Vikiondolewa vyote, mtu husafiri kwa raha.

Na hapa nchi yenyewe ina somo lake. Watu huziogopa barabara za upande wa mashariki wa mlima, kutoka Embu kupita Chuka mpaka Meru, kwa sababu barabara huteremka mpaka mtoni na kupanda tena, mto baada ya mto: Thuchi, Nithi, Mutonga. Ni kweli kwamba huko miguu huchoka na pumzi hukatika, na mteremko wataka breki nzima na akili timamu. Lakini makalio hupata nafuu, kwa maana mtu husimama juu ya pedali anapopanda, na huinuka kidogo anapoteremka. Kinyume chake, barabara ya kutoka Kiganjo kwenda Nanyuki hupita katika nchi iliyo wazi, isiyo na mabonde makubwa. Mgeni hufurahi kwa kuwa haoni kilima kirefu, akakaa juu ya kiti saa nzima bila kuinuka, na hapo ndipo anapoumia. Mwenye busara hujitengenezea vilima vyake mwenyewe: kila baada ya dakika kumi husimama juu ya pedali na kuhesabu mpaka ishirini, damu ikarudi mahali pake, kisha akaketi tena. Kila baada ya nusu saa au zaidi kidogo hushuka kabisa, akatembea hatua chache na kunywa maji.

Kabla ya safari yapasa kukitengeneza kiti. Mwenye baiskeli na aegemee ukuta, akae juu ya kiti, aweke kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu ukinyooka sawasawa, urefu wa kiti unafaa, na atakapokanyaga kwa sehemu ya mbele ya wayo, goti litapinda kidogo tu. Kiti kikiwa juu mno, nyonga huyumba kushoto na kulia, na kuyumba huko ndiko kunakochubua ngozi. Kikiwa chini mno, magoti huumia na uzito wote huangukia kitini. Kisha na aweke ubao ulionyooka juu ya kiti atazame kama kimelala sawa. Ncha ya mbele ikiinuka hubana sehemu za siri; ikiinama sana mtu huteleza mbele na mikono ikalemewa.

Upana nao una kipimo chake, wala hauhitaji mashine. Mtu huweka karatasi nene ya boksi juu ya benchi gumu, huikalia akiinama mbele kidogo, kisha hutazama mabonyeo mawili yaliyoachwa na mifupa. Nafasi baina ya katikati ya bonyeo moja na jingine kwa kawaida ni kama sentimita 10 mpaka 14, nayo kwa wanawake mara nyingi huzidi ya wanaume. Kiti kinachofaa huwa kipana kuliko nafasi hiyo kwa sentimita mbili au zaidi kidogo, ili mifupa yote miwili ipate mahali pa kutua. Fundi mwema wa baiskeli hatamcheka mteja aletaye kipimo hicho. Kuuliza si ujinga.

Kuhusu mavazi, suruali nzito yenye mshono mnene katikati haifai kwa safari ndefu. Iko kaptula ya wapanda baiskeli yenye kitambaa laini kilichoshonwa ndani yake. Hiyo huvaliwa bila nguo nyingine ya ndani, kwa sababu mshono wa nguo ya ndani ndio unaokata ngozi. Mafuta mazito kidogo yakipakwa pale panaposuguana huzuia machubuko. Nyeri ina mvua za masika kuanzia Machi hadi Mei, na za vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Basi aliyelowa na asikae na nguo mbichi akipiga soga hotelini. Na avue, aoge kwa maji na sabuni, ajikaushe vema. Kaptula nayo ifuliwe kila baada ya safari, ianikwe juani ikiwa imegeuzwa ndani nje.

Lililo kubwa kuliko yote ni kuuzoeza mwili polepole. Wiki mbili za kwanza zatosha safari za nusu saa, mara tatu kwa wiki, zikiachana kwa siku moja. Wiki ya tatu na ya nne mtu aweza kwenda mpaka Kiganjo na kurudi, kama kilomita 20. Baadaye na aende Karatina, apumzike karibu na soko lile mashuhuri, ndipo arudi. Maumivu madogo ya mifupa katika siku za mwanzo ni ya kawaida, nayo hupungua kadiri mwili unavyozoea na miguu inavyopata nguvu, kwa maana miguu yenye nguvu huubeba mwili na kukipunguzia kiti mzigo.

Lakini ngozi iliyochubuka si jambo la kuvumilia. Mtu na aache kupanda siku kadhaa mpaka ipone, apasafishe na kupaacha pakavu. Likitokea jipu lenye moto na uvimbe unaoenea, au homa, aende hospitali upesi, hasa akiwa na ugonjwa wa kisukari. Vivyo hivyo ganzi ikimpata njiani, ashuke papo hapo na kukirekebisha kiti. Ikibaki baada ya safari kwisha, amwone daktari bila kuona haya. Haya imewaumiza watu wengi kuliko baiskeli.

Basi yule karani wa mfano wetu na aishushe baiskeli yake kutoka ghalani, auondoe ule mfuko wa sponji, akipime kiti chake na kuanza upya kwa nusu saa. Akifuata taratibu hiyo kwa miezi miwili au mitatu, siku moja ataondoka Nyeri alfajiri, akae ukingoni kushoto kwa sababu ya malori na matatu, aupite mji wa Naro Moru mlima ukiwa mkono wa kulia, na kabla ya saa sita ataufikia ule ubao wa ikweta ulio mlangoni mwa Nanyuki. Ataiegemeza baiskeli, ataagiza chai, na atakapoambiwa, "Karibu uketi, bwana," ataketi juu ya benchi la mbao kama watu wengine, wala hatasema ni mgongo.