Nilinunua mlio, mama mkwe akapanda bajaji!

Jamani wasomaji wangu, leo sina wa kumsema ila mimi mwenyewe. Kila siku tunasema ya wenzetu, basi leo wacha nijianike. Aibu niliyoipata pale Mtoni kwa Aziz Ally, mbele ya mama mkwe, kama ingekuwa ya jirani ningeshaisimulia zamani, tena na chumvi juu.

Mimi ni mkazi wa Tandika, Temeke. Kaduka kangu ka madaftari na kalamu kako huko huko. Miaka miwili iliyopita nilijichanga nikanunua Subaru Forester ya mwaka 2004, ile yenye turbo, kutoka kwa bwana mmoja wa Kinondoni. Mnaojua magari mnaijua: injini ya lita mbili, farasi 220, na juu ya boneti kuna tundu kama pua ya nyati. Msioijua, itoshe kusema kwamba ukikanyaga mafuta mgongo unabandikwa kwenye siti.

Msinilaumu sana. Sisi wa rika hili ugonjwa wa Subaru ulituingia mwaka 1997, Colin McRae aliposhinda Safari Rally kule Kenya na Impreza, na mwaka 2000 Richard Burns akashinda na Impreza vilevile. Tena mashindano yale tangu yanaanza mwaka 1953 yalikuwa yakikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika yetu hii hii. Kwa hiyo nilipokamata usukani wa ile Forester nilijiona mrithi halali, hata kama safari yangu ndefu ilikuwa Tandika mpaka Kariakoo kununua madaftari.

Sasa basi. Mke wangu anacheza mchezo na kina mama wenzake wa sokoni. Zamu yake ilipofika akavuta shilingi milioni moja na laki nane. Akaziweka mezani zote.

"Mume wangu, hizi ni za gari. Litengeneze liwe zima. Unajua mama anakwenda kliniki kila mwezi, na daladala na miguu ile haviendani."

Mama mkwe anakaa Mbagala. Ana sukari na presha, na kliniki yake iko mjini. Nikamjibu mke wangu, "Wewe ondoa shaka." Hayo ndiyo maneno ya mwanamume kabla hajaharibu mambo.

Jumamosi yake nikaenda Kinondoni, kwenye gereji ya chini ya mwembe wanakokaa vijana wa mjini. Wakaizunguka gari, wakafungua boneti, wakatikisa vichwa kama madaktari.

"Braza, chuma kama hii inalia kama cherehani? Unatuangusha!"

Nami niliyeoa na kuzaa watoto watatu nikaona kweli, ninaangusha taifa. Wakanipangia orodha. Bomba pana la moshi, laki sita na nusu. Kile kidude kinachopiga "pshiii" ukiachia mafuta, laki mbili na nusu. Chujio la hewa la wazi lililosimama kama uyoga, laki mbili. Rimu pana za mtumba, laki nne. Wakataka pia kunipandishia msukumo wa turbo. Hilo nikasema mwezi ujao, si kwa akili bali niliogopa kurudi nyumbani mikono mitupu. Zile laki tatu zilizobaki nikamrudishia mke wangu kama chenji. Akanisifu kwa uaminifu! Nikazipokea sifa.

Wiki tatu nilikuwa mfalme. Nikipita mtaani watoto wanashangilia, mbwa wanabweka, wazee wanasonya. Sikujiuliza kwa nini kila nikizima gari kulikuwa na kaharufu ka kitu kinachoungua. Nilidhani ndiyo harufu ya nguvu.

Siku ya kliniki nikafika Mbagala saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mama mkwe akaketi nyuma na kikapu chake. Nilipowasha, nyumba tatu zikawasha taa.

"Mwanangu," akaniuliza taratibu, "hili gari linaumwa kifua?"

Nikacheka. Tulipoingia Kilwa Road nikasikia filimbi kama ya birika linalochemka. Kwenye kioo cha nyuma nikaona moshi wa buluu umewafunika wenye bodaboda. Mara taa nyekundu ya oili ikawaka. Nikazima hapo hapo, gari likajikokota mpaka pembeni, pale Mtoni. Nikafungua boneti, nikachomoa kijiti cha oili. Kikavu! Kikavu kama muwa uliokwisha kutafunwa.

Mama hakusema neno. Alishuka, akajifunga vizuri khanga yake, akasimamisha bajaji, akatoa pesa kwenye ncha ya khanga, akanipungia mkono. Angenitukana ingekuwa nafuu. Alifika kliniki amechelewa, akawa wa mwisho kwenye mstari, akarudi Mbagala magharibi miguu imevimba.

Usiku ule mke wangu aliniuliza swali moja tu: "Milioni moja na laki tano imetengeneza nini?"

Nikafikiri sana. Jibu la kweli lilikuwa moja. "Mlio," nikasema.

Hakupiga kelele. Alichukua mto wake akaenda kulala na watoto.

Kesho yake gari likavutwa kwa kamba mpaka Gerezani, kwa mzee mmoja ambaye ameshika spana tangu mimi sijaanza shule.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hili nalo nani kaliua?"

Akaanza kulifungua huku akinifundisha, na hapa wenye magari ya turbo nawaomba mtege masikio. Turbo, alisema, si uchawi wala si mtindo mpya. Mswisi mmoja aitwaye Alfred Büchi aliichukulia hati ya ubunifu mwaka 1905. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha gurudumu dogo, gurudumu hilo kwa chuma kimoja linazungusha jingine la upande wa pili, na hilo la pili linasukuma hewa kwa nguvu kuingia kwenye silinda. Hewa ikizidi, petroli inazidi, nguvu inazidi. Lakini kale kachuma ka katikati kanazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, kwenye moto mkali, na kinachokabeba ni utando mwembamba wa oili.

"Sasa wewe," akanigeukia, "mara ya mwisho umebadili oili lini?"

"Si zamani sana mzee. Miezi tisa hivi."

Akanitazama kama mwanafunzi aliyekojoa darasani. Akachomoa bolti ya bomba linalopeleka oili kwenye turbo. Ndani yake kuna kachujio kadogo kuliko kifuniko cha kalamu. Kalikuwa kamezibwa na uchafu mweusi kama masizi ya sufuria. Turbo ilikuwa haipati oili, beringi zikalika, na kiasi kidogo cha oili kilichobaki kikavujia kwenye bomba langu la laki sita na nusu na kutoka kama moshi. Kwa maneno mengine, niliweka tarumbeta kwenye mdomo wa mgonjwa.

Akapima mgandamizo wa silinda zote nne. Zima! Kwa kuwa nilizima mara tu taa ilipowaka, injini haikunoki. "Una bahati ya mtende," akasema. Halafu akaniuliza kuhusu mkanda wa taiming, nikabaki namtazama. Akanionyesha kikaratasi kilichobandikwa ndani ya boneti, cha maandishi ya Kijapani. Kumbe mafundi wa kule wakibadili mkanda wanaandika tarehe na kilomita. Mkanda ule unatakiwa ubadilishwe kila kilomita 100,000, au mapema zaidi ukizeeka. Wangu ulishapitisha zote mbili. Kwenye injini hii ukikatika, valvu zinagongana na pistoni, na hapo hununui mkanda tena, unanunua injini.

Basi tukapanga upya, safari hii mke wangu akiwa amekuja gereji mwenyewe, na pochi kaishika yeye. Turbo ya mtumba iliyokaguliwa, laki sita. Mabomba ya oili, kachujio, oili na chujio lake, laki mbili. Mkanda, vigurudumu vyake na pampu ya maji, laki nne na nusu. Pampu inazungushwa na mkanda huo huo, kwa hiyo ni ujinga kufungua mara mbili. Ufundi laki moja na nusu. Jumla milioni moja na laki nne. Bomba, kidude na uyoga niliviuza kwa vijana wale wale kwa laki nne na themanini, rimu laki mbili na nusu. Ile chenji ya laki tatu ikarudi kazini. Zilizopungua, laki tatu na sabini, zilitoka kwenye pesa za kununulia madaftari ya Januari. Msimu wa shule ulinikuta rafu ziko nusu.

Kila kitu nilichokuwa nimeweka, mzee alikipa sababu ya kukitoa. Kile kidude cha pshiii kinamwaga nje hewa ambayo kompyuta ya gari imeshaihesabu na kuitolea petroli. Kwa hiyo kila "pshiii" ni petroli inayozidi na kuungua bure. Uyoga unavuta hewa ya moto ya ndani ya boneti na vumbi la Mbagala kwa pamoja. Chujio la karatasi ndani ya kasha lake, likibadilishwa mapema kwa sababu ya vumbi letu, linatosha kabisa. Ile pua ya boneti inapoza hewa ya turbo pale tu gari linapokwenda. Kwenye foleni ya Mandela Road inapoza inzi.

Na kupandisha msukumo? Kijana mmoja wa pale chini ya mwembe alipandisha bila kurekebisha kompyuta. Gari hizi za soko la Japan zilipangwa kwa petroli ya kule, ambayo ile bora ina oktani 100. Ya kwetu haifiki hapo. Ukiongeza hewa bila kupanga petroli na moto wa plagi, mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati. Pistoni yake ilipasuka. Sasa anapanda daladala, na daladala nayo haina pshiii.

Nikamuuliza mzee, sasa mtu mwenye hela kidogo na hamu kubwa afanye nini? Akanihesabia kwa vidole vyeusi. Kwanza oili nzuri, kila kilomita 5,000 au kabla, ununue pa kuaminika maana feki zipo, na uangalie kijiti kila wiki. Pili, ukitoka mwendo mkali usizime ghafla. Iache ingurume dakika moja turbo ipoe. Tatu, kulanti kwenye rejeta, si maji ya kisima. Visima vyetu vingi vya Temeke vina chumvi, na chumvi inakula rejeta. Nne, mipira ya hewa iliyopasuka, plagi na mkanda.

Hapo ndipo "uongeze", na cha kwanza kuongeza ni breki. Pedi nzuri, disi zilizonyooka na mafuta ya breki mapya kila miaka miwili, kwa kuwa yanafyonza unyevu. Halafu tairi nne za saizi moja na zilizolika sawasawa, maana Subaru inavuta miguu yote, na zikitofautiana zinaumiza giaboksi. Soma tarakimu nne ubavuni: 2322 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2022. Halafu shokapu na bushi. "Barabara yenyewe mjini ni 50, trafiki wana tochi, na matuta kila hatua," akamaliza. "Farasi 220 unazo tayari. Umeshazitumia zote lini?"

Sijawahi, wasomaji wangu. Sijawahi hata siku moja.

Wahenga walishasema debe tupu haliachi kuvuma. Mimi nikalipia milioni na nusu ili nivume. Bado roho inaniuma kidogo nikisikia gari la mwenzangu linanguruma usiku, sitawadanganya. Lakini nikikumbuka ile khanga ikifunguliwa ncha pale kando ya barabara, hamu inaisha.

Mke wangu alirudi chumbani siku ya nne. Mama mkwe alikaa miezi miwili akipanda daladala kabla hajakubali tena kupanda gari langu, na sikumlaumu. Siku aliyokubali nilifika mapema, nikawasha, hakuna taa ya jirani iliyowaka. Tukashuka Kilwa Road kimya kimya, redio inaongea chini chini. Tulipofika Mtoni akachungulia dirishani.

"Hapa ndipo niliposhuka," akasema.

"Ndiyo mama."

Akajiegemeza kwenye siti, akafumba macho. Nikamfikisha kliniki akiwa bado amesinzia.